Maua ya Ukoo wa Kitunguu Ukingoni mwa Kiwanja: Ushauri kwa Wakazi wa Baraka na Fizi

Picha za bustani za Uholanzi na Uingereza zimeenea kwenye simu za watu wengi, na miongoni mwa zinazopendwa ni ile ya maua ya zambarau ya mviringo kamili, kila ua limekaa juu ya bua tupu lenye urefu wa mita moja au zaidi, yote yamepangwa safu kando ya njia. Maua hayo ni ya ukoo wa kitunguu. Jina lao la kitaalamu ni Allium, lile lile la kitunguu cha mchuzi, kitunguu saumu na liki, ila haya yalichaguliwa na wakulima wa maua kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya sufuria. Anayejenga Baraka, akishaezeka nyumba na kusawazisha uwanja, ana haki ya kuuliza kama naye anaweza kuyapanda kuanzia barabarani hadi mlangoni. Jibu langu ni kwamba asiyapande, na kwamba hatapoteza kitu kwa kutoyapanda. Umbo analolipenda katika picha ile lipo tayari katika mimea ya kwetu, na huko juu kwenye milima ya Fizi hata kitunguu cha kawaida kinaweza kumpa ua refu pamoja na mbegu za kuuza.

Tuanze na sababu. Aina iliyo kubwa kuliko nyingi katika maua haya, Allium giganteum, asili yake ni milima ya Asia ya Kati, katika nchi kama Uzbekistan, Turkmenistan na Afghanistan. Huko theluji hulala miezi kadhaa, kisha huja majira mafupi ya mvua, kisha kiangazi kinachokausha kila jani. Mmea umeizoea ratiba hiyo. Tunguu lake, yaani kile kichwa kinachokaa chini ya udongo, hungoja baridi. Likipata majuma 10 au zaidi ya baridi inayokaribia nyuzi 5, bua linarefuka na kuchanua. Lisipopata, hutoa majani machache, majani yakakauka, na tunguu likaendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka mpaka life. Baraka iko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na maji yale ya uvuguvugu huuzuia usiku usipoe sana. Hata mwezi wa saba, watu wanapojifunika mablanketi alfajiri, kipimajoto hakikaribii nyuzi 10. Halafu kuna urefu wa mchana. Baraka iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki dakika 30. Amsterdam mchana wa mwezi wa sita unapita saa 16, na ule wa mwezi wa kumi na mbili haufiki saa 8. Mmea uliozaliwa kuyatambua majira kwa mabadiliko makubwa kiasi hicho, hapa hauna dalili ya kufuata.

Wakulima wa vitunguu wanayajua haya hata kama hawayasemi kwa maneno hayo. Chukua mbegu ya kitunguu iliyokusudiwa Ulaya ya kaskazini, isie Mboko au Swima, uihudumie vizuri: utapata majani ya kijani yaliyonawiri na shingo nene, lakini kichwa hakitafunga, kwa kuwa aina hiyo inangoja mchana wa saa 14 na zaidi. Ndiyo maana mbegu zilizozoeleka katika ukanda wetu ni za mchana mfupi, kama Red Creole, Bombay Red na Texas Grano. Kitunguu saumu nacho kinataka ubaridi ili kichwa kigawanyike punje, na kwa sababu hiyo saumu ya Tanzania inajulikana kutoka Mbulu na nyanda nyingine za juu, si kutoka pwani ya Tanga. Hivi ni vitunguu vilivyoishi na binadamu maelfu ya miaka, vikachaguliwa kizazi baada ya kizazi ili vikubali mashamba ya kila namna, na bado vinadai hali zao. Hatuna sababu ya kutumaini kwamba ndugu zao wa milimani, ambao hawajawahi kufunzwa kuishi kwenye joto, watakuwa wapole zaidi.

Kuna hoja inayorudi mara kwa mara: mbona kuna mtu aliagiza tunguu moja kutoka nje, akalipanda mjini penye joto, na likachanua? Inawezekana kabisa. Tunguu linalouzwa limekwisha kuandaa chipukizi la ua ndani yake, na mara nyingi limepitishwa kwenye ghala la baridi kabla ya kusafirishwa. Ua hilo la kwanza, ambalo kwa kawaida huwa fupi kuliko la kwenye picha, ni kazi ya shamba la Uholanzi. Mwaka wa pili ndio mtihani wa udongo wa Baraka, na hapo mmea hushindwa. Wengine wanashauri jokofu: ng'oa tunguu kila mwaka, liweke kwenye ubaridi miezi mitatu, kisha lirudishe ardhini. Kwa mji ambao jokofu linategemea sola au jenereta, nafasi ndani yake ni ya samaki na dawa, na hata mwenye nafasi ya ziada atakuta matunguu yake yanapungua, kwa sababu majani yaliyoishi muda mfupi kwenye joto hayawezi kuyanenepesha tena.

Lakini hoja yangu nzito zaidi dhidi ya kuagiza matunguu ni ugonjwa. Ukoo mzima wa kitunguu unashambuliwa na kuvu liitwalo Sclerotium cepivorum, linalosababisha uozo mweupe. Mizizi inaoza, majani yanageuka manjano kuanzia ya nje, na kwenye kitako cha kitunguu unaona utando mweupe wenye punje nyeusi ndogo sana. Punje hizo ndizo balaa, kwa sababu zinaweza kukaa udongoni miaka zaidi ya 20 zikingoja kitunguu kingine kipandwe. Joto la ziwani halilipendezi sana kuvu hilo. Linastawi kwenye udongo wa ubaridi, kwa maneno mengine huko huko milimani Itombwe na Minembwe ambako vitunguu na saumu vingeweza kuwa mali. Tunguu lililokuja mfukoni mwa msafiri bila hati ya ukaguzi wa mimea, likapandwa Baraka kwa urembo, kisha mche wake ukapewa shangazi aliye juu mlimani, linaweza kuharibu shamba ambalo wajukuu wake wangelilima. Uzuri wa msimu mmoja haulipi gharama hiyo.

Sasa tuje kwenye kinachowezekana. Mtu akiitazama picha ile, hasa anachokipenda ni umbo: tufe la maua juu ya fimbo iliyonyooka, lisilo na majani ya kulificha. Umbo hilo limeota porini Afrika ya kitropiki, Kongo ikiwemo, tangu zamani. Scadoxus multiflorus ni lile ua jekundu la mviringo linalochomoza ardhini pindi mvua za kwanza zinapoloweka udongo, mara nyingi kabla ya majani yake kufunguka, na tufe moja linaweza kubeba maua madogo hadi 200, kila moja likiwa na nyuzi nyembamba zenye ncha za manjano. Wataalamu wa mimea, tangu mpangilio wa mwaka 2009, wanakiweka kitunguu na ua hili katika jamii moja kubwa, Amaryllidaceae, kwa hiyo anayelipanda hajatoka nje ya ukoo. Urefu wake ni sentimita 30 hadi 60, pungufu ya maua ya Uholanzi, ila ukubwa wa tufe na ukali wa rangi vinalifanya lionekane kutoka mbali. Zaidi ya yote, ratiba yake ndiyo ratiba yetu. Linalala kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane, linaamka na mvua ya mwezi wa tisa au wa kumi, na halidai baridi ya aina yoyote.

Kulihamisha kunahitaji subira kuliko nguvu. Ukiliona porini au shambani likiwa limechanua, liwekee kijiti cha alama, kwa sababu majani yakishakauka hutaliona tena. Chimba mwishoni mwa mwezi wa tano au mwezi wa sita, majani yanapogeuka manjano, ukianza mbali kidogo na shina ili jembe lisiikate mizizi minene iliyo chini ya tunguu. Mmea huu hukasirishwa na mizizi iliyokatika, na unaweza kukaa mwaka mzima bila kuchanua. Chukua yale yaliyo kwenye eneo linalofyekwa kwa ajili ya muhogo, ambayo jembe lingeyaua hata hivyo, na porini penyewe acha mengi kuliko unayoyatoa. Shimo lijazwe udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na kwenye mchanga wa kando ya ziwa ongeza majani yaliyooza kwa wingi, maana mchanga mtupu hupitisha maji na chakula kwa haraka. Zika tunguu hadi shingo yake ilingane na uso wa udongo, na uache sentimita 25 kati ya moja na jingine. Kivuli chepesi cha mwembe au mchikichi kinalifaa. Jua kali la mchana kutwa huyachoma majani. Kiangazi usilimwagilie hata tone, kwa kuwa tunguu lililolala kwenye unyevu huoza. Likishazaa vitunda vyekundu, menya nyama ya tunda, sia mbegu ikiwa mbichi, na uvumilie miaka mitatu au minne kabla ya kuona ua.

Hapa panahitaji onyo lisilo na nusu-nusu. Tunguu la Scadoxus lina sumu, na lina sura ya kitunguu. Sehemu kadhaa za Afrika limetumika kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Kwa hiyo lisipandwe kamwe ndani ya tuta la vitunguu wala karibu na lenga-lenga, na watoto wafundishwe mapema. Kanuni ya kuwafundisha ni nyepesi: fikicha jani, unuse, lisiponuka kitunguu, haliliwi. Wapo watakaosema kwamba mmea wenye sumu haufai kwenye nyumba yenye watoto na mbuzi. Nawaheshimu, na mwenye watoto wa kutambaa afadhali asubiri wakue. Lakini muhogo mchungu nao una sumu, na tunaishi nao kila siku kwa sababu tunajua mahali pake na namna ya kuushika.

Anayetaka urefu wa kweli, unaompita mtu mzima, aangalie kando ya barabara. Leonotis nepetifolia, mmea wenye bua la pembe nne na vichwa vya mviringo vilivyopandana ghorofa kwa ghorofa, hufika mita 2 na kupita, na maua yake ya rangi ya chungwa huvuta ndege wadogo wa chozi asubuhi hadi jioni. Si wa ukoo wa kitunguu, ila kwa umbo unaizidi picha ile, maana bua moja lina matufe manne au matano. Hugharimu mbegu tu. Upandwe nyuma kabisa, upande wa ua wa mabua au matete, kwa kuwa vichwa vikikauka vina miiba inayochoma nyayo, na vikatwe kabla mbegu hazijamwagika, la sivyo mwaka wa pili utakuwa unapalilia badala ya kupamba. Sehemu zenye majimaji, karibu na vijito vinavyoelekea Mutambala, zinafaa zaidi Crinum, yenye maua makubwa meupe yenye mstari wa waridi, nayo pia ya jamii ya Amaryllidaceae na nayo pia si ya kuliwa. Anayesisitiza kuwa na Allium halisi Baraka anayo moja ya kuaminika, Allium tuberosum, kitunguu cha Kichina chenye majani bapa na harufu ya saumu. Kinachanua Thailand, nchi ya joto kama ziwani kwetu, na huko mabua yake ya maua hupikwa kama mboga. Maua ni meupe, urefu hauvuki sana nusu mita, lakini shina moja ukiligawa kila mwaka linakuwa safu nzima kando ya njia, na mama wa nyumba anakata majani ya mchuzi humo humo.

Juu milimani hesabu inabadilika, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Itombwe na Minembwe ziko zaidi ya mita 2,000, na usiku wa kiangazi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Baridi hiyo haitoshi kwa Allium giganteum, lakini kitunguu cha kawaida kinairidhia. Kitunguu kikishakuwa na kichwa kizuri, kikipata majuma kadhaa ya ubaridi wa nyuzi 8 hadi 13, hutoa bua tupu, la kijani, lililovimba katikati, linalofika mita moja au kupita, na juu yake tufe jeupe lenye mamia ya maua madogo. Mkulima wa ziwani hulazimika kununua mbegu kila msimu kwa sababu kitunguu chake huliona joto tu na hakichanui. Mkulima wa juu anaweza kupanga vitunguu vyake ukingoni mwa kiwanja, akapata urembo mwezi wa nane na mbegu mwezi wa tisa. Nadhani hili ndilo ua la Allium linalostahili kupandwa katika wilaya ya Fizi, na sioni aibu yoyote kwamba ni la kitunguu cha sokoni.

Utaratibu wenyewe ni huu. Chagua vitunguu vyenye vichwa vigumu, shingo nyembamba na rangi moja, kutoka shamba lisilo na ugonjwa, na usichague vile vilivyowahi kuchanua vyenyewe mapema. Panda mwezi wa nne, sentimita 20 kati ya kimoja na kingine, ili mmea uwe na majani ya kutosha baridi inapoingia. Weka vijiti na kamba pande zote mbili za safu, kwa kuwa bua tupu huvunjwa na upepo wa milimani kirahisi. Mwagilia kwenye mizizi, si juu ya maua. Usipulizie dawa ya wadudu wakati wa kuchanua: kwenye ua la kitunguu chavua humwagika kabla sehemu ya kike haijawa tayari, kwa hiyo bila nyuki na nzi kuzunguka kutoka ua hadi ua utapata vichwa vitupu. Aina mbili za kitunguu zisikaribiane chini ya kilomita moja, la sivyo nyuki atazichanganya. Vifuko vichache vya juu vinapopasuka na kuonyesha mbegu nyeusi, kata kichwa pamoja na kipande cha bua, kianike kivulini juu ya kitambaa, pukuchua, pepeta. Mbegu ya kitunguu haivumilii joto na unyevu. Ikae kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri, na iuzwe au ipandwe ndani ya mwaka huo huo.

Imebaki hoja moja ambayo haifai kupitwa, kwa kuwa inatoka kwa watu waliobeba mengi: nchi yenye vita na njaa ina haja gani na maua? Wakazi wengi wa Fizi walivuka ziwa mwaka 1996, wakaishi Nyarugusu na Lugufu upande wa Kigoma, na kuanzia 2005 maelfu walirudi kwa boti hadi Baraka. Waliorudi walikuta ua wa miti umeoza au umechomwa, kichaka kimefunika uwanja, na jirani hakumbuki mpaka ulipita wapi. Mimea yenye matunguu ya kudumu haifi kwa moto wa nyika wala kwa miaka ya kutotunzwa. Inalala chini na kuchomoza tena mvua inapokuja, mahali pale pale ilipopandwa. Wachagga wa Kilimanjaro wametumia masale kuonyesha mipaka ya vihamba vizazi vingi, na mmea huo huheshimiwa mbele ya wazee. Safu ya Scadoxus au Crinum inaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwetu, kwa sharti moja: ipandwe mbele ya jirani na mjumbe wa chefu, kwa makubaliano, maana mmea uliopandwa kwa siri ni mwanzo wa kesi. Na kuhusu njaa, nimeshasema kwamba kitunguu cha Kichina kinaliwa na mbegu ya kitunguu inauzwa. Hakuna tuta la maharage ninaloomba ling'olewe. Ukingo wa uwanja, ule ukanda wa nusu mita ambao sasa unafyagiwa tu, unatosha.

Kwa hiyo mwaka huu, mwezi wa nne peleka vitunguu vya mbegu kwa ndugu aliye juu, pale usalama wa njia unaporuhusu, au yeye aanze na vya kwake. Mwezi wa sita hamisha matunguu uliyoyawekea alama. Mwezi wa tisa sia Leonotis nyuma ya ua. Na zile franka ulizokuwa umeziweka kando ili uagize matunguu ya Uholanzi, nunulia samadi.